Kutoka Katuba hadi mjini kwa umeme: namna ya kuchagua baiskeli au pikipiki ndogo badala ya gari

Mtu anayekaa mitaa ya Katuba, Kenya, Kampemba au Bel-Air na kufanya kazi katikati ya Lubumbashi hahitaji gari ili afike kazini. Anahitaji chombo cha magurudumu mawili au matatu, breki zinazoshika, na betri anayoweza kuichomoa na kuibeba mkononi hadi ndani ya nyumba. Hilo la betri nalisisitiza kwa sababu ndilo linalosahauliwa dukani. Muuzaji atakuonyesha rangi, redio na taa zinazometameta, na atakutajia kasi. Wewe unaishi katika mji ambao umeme huja na kwenda, kwa hiyo swali lako la kwanza ni moja: nitachaji wapi, saa ngapi, na kwa muda gani?

Mwongozo huu umeandikwa kwa anayeweka akiba anunue Toyota iliyotumika, kwa aliye na gari tayari na petroli inamla mshahara, na kwa anayelipa taksi au manseba (pikipiki ya abiria) kila siku. Haumhusu anayesafirisha watu sita kila asubuhi wala anayepanda Likasi kila wiki. Hao gari linawafaa.

Hatua ya 1: Andika safari zako za wiki moja

Chukua daftari. Kwa wiki nzima andika kila safari: umetoka wapi, umekwenda wapi, kilomita ngapi, ulibeba nini, ulikuwa na nani. Kilomita zipime kwa simu yenye ramani. Watu wengi hukadiria umbali kwa muda waliotumia njiani, na foleni ya barabara ya Kasenga inaweza kukufanya uamini kwamba Ruashi iko mbali kuliko ilivyo.

Usisahau michepuko. Kumpeleka mtoto shule, kupita soko la Mzee Kabila kununua unga, kwenda sala ya jioni, vyote ni kilomita. Ukimaliza, tafuta siku iliyokuwa na kilomita nyingi zaidi kati ya siku zako za kawaida. Hiyo ndiyo siku unayoinunulia chombo. Ile safari ya mara moja kwa mwezi ya kwenda kumsalimia shangazi Kipushi iache nje ya hesabu, basi lipo.

Kama siku hiyo ndefu haizidi kilomita 8 kwenda na kurudi na mzigo wako ni begi tu, simama hapo. Nunua baiskeli ya kawaida, imara, na fedha inayobaki ifanyie kazi nyingine. Mji wetu uko kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na miinuko yake mingi ni ya taratibu. Wanaoleta makala, yaani makaa ya kupikia, kutoka porini wakisukuma baiskeli zilizobeba magunia marefu kuliko wao wenyewe wanatuonyesha kila siku chuma hicho kinaweza kustahimili nini.

Hatua ya 2: Geuza kilomita kuwa umeme

Kipimo cha kukumbuka ni wati-saa. Ukizidisha volti za betri kwa ampea-saa zake unapata wati-saa, yaani kiasi cha umeme kinachoingia ndani. Betri ya volti 48 yenye ampea-saa 20 ina wati-saa 960.

Upande wa matumizi, baiskeli ya umeme ambayo unaisaidia kwa kukanyaga pedali hula wati-saa 10 hadi 15 kwa kilomita. Pikipiki ndogo ya umeme, ile ya kukaa kama kwenye kiti, hula 25 hadi 40. Ya magurudumu matatu iliyobeba mzigo hupita 50.

Mfano: mama anayetoka Ruashi hadi ofisi ya katikati ya mji na kurudi, jumla kilomita 22. Kwa baiskeli, 22 mara 12 ni wati-saa 264. Kwa pikipiki ndogo, 22 mara 35 ni 770. Ongeza asilimia 40 juu ya kila jibu, kwa sababu betri huchoka na umri, barabara ya mchanga hula zaidi ya lami, na asubuhi za Juni na Julai, joto likishuka chini ya nyuzi 10, betri hutoa kidogo kuliko kawaida. Kwa hiyo mama huyu atafute baiskeli yenye wati-saa 370 au zaidi, au pikipiki yenye kama 1,080.

Maandishi ya dukani yanayosema «kilomita 80» yasikusumbue. Hupatikana kwa mtu mwepesi, kwenye lami tambarare, kwa mwendo wa pole na bila kusimama. Wewe soma volti na ampea-saa, kisha piga hesabu yako.

Sasa linganisha na gari. Gari dogo la petroli katika foleni za mji hula lita 8 hadi 10 kwa kilomita 100, hivyo safari ile ya kilomita 22 ni lita 2 hivi. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu wati-saa 9,000. Gari limetumia wati-saa 18,000 kumfikisha ofisini mama ambaye pikipiki ingemfikisha kwa 770. Sehemu kubwa ya petroli hiyo imeishia kuwa joto chini ya boneti, na sehemu nyingine imesogeza chuma cha kilo elfu moja ambacho hakikuwa na kazi yoyote ofisini. Hesabu hii ndiyo iliyonishawishi zaidi ya maneno yoyote ya mazingira, ingawa moshi tunaovuta pembeni mwa barabara nao unanihuzunisha, hasa ninapoona watoto wa shule wakitembea ndani yake.

Hatua ya 3: Kagua soketi kabla ya kukagua duka

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaotufikia hutoka kwenye mabwawa ya Nseke na Nzilo katika mto Lualaba, Mwadingusha na Koni katika mto Lufira, na mwingine husafiri kutoka Inga kwa laini ya karibu kilomita 1,700 iliyokamilika hadi Kolwezi mwaka 1982. Migodi nayo inauhitaji huohuo, na kwa wingi. Ndiyo maana tunaishi na delestaji, yaani mgao wa umeme.

Habari njema ni kwamba vyombo hivi vidogo havina tamaa. Chaja ya volti 48 inayotoa ampea 3 huvuta ukutani wati 170 hivi. Pasi ya umeme huvuta 1,000 au zaidi. Mama wa Ruashi akirudi na betri iliyotumika wati-saa 770, anahitaji kama saa 6 za umeme katika saa 24, hata zikija kwa vipande viwili au vitatu. Chaja nzuri haidhuriki na kukatika kwa umeme. Ukirudi inaendelea pale ilipoachia.

Kwa hiyo, kwenye daftari lilelile, andika umeme unawaka saa ngapi hadi saa ngapi nyumbani kwako, siku zote saba. Andika pia kazini. Ukishaona picha, utajua uko kundi gani.

Kama nyumbani unapata saa 6 za usiku au jioni, huna tatizo.

Kama nyumbani hakuna lakini kazini upo, omba ruhusa wazi, usichomeke kwa siri. Neno la heshima linatosha: «Patron, naomba soketi moja pembeni ya lango kwa ajili ya betri ya baiskeli yangu. Inavuta chini ya taa chache za zamani, na niko tayari kuchangia kila mwisho wa mwezi.» Chaji kamili ya mfano wetu haifiki kilowati-saa 1 na nusu. Mwajiri mwenye hesabu ataona ni kidogo, na ataona pia kwamba mfanyakazi wake hachelewi tena kwa sababu ya kukosa taksi.

Kama umeme ni haba pande zote mbili, fikiria sola. Paneli ya wati 200 katika jua letu la kiangazi hutoa, baada ya upotevu wote, kama wati-saa 700 kwa siku. Lakini kuna jambo hapa: saa ambazo jua linawaka, betri yako iko kazini pamoja nawe. Utahitaji ama betri ya nyumba inayokusanya mchana na kukukopesha usiku, ama betri mbili za chombo zinazopokezana, moja njiani na nyingine juani. Mwezi wa Januari, mawingu yakitanda siku tatu mfululizo, mavuno hupungua sana. Weka hilo katika hesabu. Jenereta ya petroli usiitegemee. Kuwasha injini nzima ili kuchaji wati 170 ni kurudi kulekule ulikotoka.

Voltaji ya chini na ile inayoruka umeme unaporudi ndizo zinazoua chaja nyingi hapa kwetu. Soma maandishi ya chaja. Iliyoandikwa volti 100–240 hustahimili umeme dhaifu kuliko iliyoandikwa 220 peke yake. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache ndipo uchomeke. Kama mtaa wako una tabia ya kuunguza vifaa, rejileta ndogo ya voltaji ni ununuzi wa lazima, na iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Halafu betri ya kuchomoka. Wengi wetu tunaishi kiwanja kimoja na familia nyingine tatu au nne, chombo kinalala uani, na waya wa kuvuka ua huleta ugomvi na hatari. Betri inayochomoka unaingia nayo ndani, unaiona ikichaji, na mwizi akija anakuta chuma kisicho na moyo. Chombo chenye betri iliyofungwa ndani moja kwa moja kikatae, hata bei ikiwa nzuri, isipokuwa una gereji yenye soketi.

Hatua ya 4: Betri, hapa usiwe na haraka

Sokoni kuna aina tatu.

Ya kwanza ni ya risasi na asidi, ndugu wa betri ya gari. Ni ya bei nafuu na kila fundi anaijua. Ni nzito mno: kilo 30 hivi kwa kila wati-saa 1,000. Huishi chaji 300 hadi 500 tu, na ukiimaliza hadi mwisho kila siku hata hizo hazifiki. Kuichomoa na kuipandisha ngazi kila jioni ni adhabu.

Ya pili ni lithiamu yenye nikeli, manganizi na kobalti, inayoandikwa NMC. Ni nyepesi, kilo 6 au 7 kwa wati-saa 1,000, na huishi chaji 500 hadi 1,000. Ikipata joto kali, ikitobolewa au ikichajiwa kwa chaja isiyo yake, inaweza kuwaka moto mbaya.

Ya tatu ni lithiamu ya chuma na fosfeti, inayoandikwa LFP au LiFePO4. Uzito wake ni kama kilo 10 kwa wati-saa 1,000. Huishi chaji 2,000 na kuendelea, na hustahimili joto na makosa ya mtumiaji kuliko NMC. Kwa mazingira yetu, hii ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Msomaji wa Kolwezi au Lubumbashi anapaswa kujua pia kwamba LFP haina kobalti kabisa. Nchi yetu inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, vijana wetu wanaifuata kwenye mashimo, na bado betri inayomfaa zaidi mfanyakazi wa Katuba ni ile isiyoitumia. Lithiamu yenyewe tunayo pia, Manono, huko mkoa wa Tanganyika. Natamani siku moja betri itoke hapa ikiwa betri, tusiishie kuuza mawe.

Namna ya kumkamata anayedanganya: nenda na mizani ya ndoano kama ile ya kupimia samaki sokoni. Betri ikiandikwa lithiamu, volti 48, ampea-saa 30, maana yake ni wati-saa 1,440. Kama ni NMC ya kweli itakuwa kilo 8 hadi 10, kama ni LFP itakuwa 12 hadi 15. Ikipimwa ikaja kilo 5, maandishi hayo ni ya uongo. Mizani haibishani na mtu.

Kagua na chaja. Betri ya NMC ya volti 48 hujaa kwenye volti 54.6. Ya LFP yenye seli 16 hujaa kwenye 58.4, na ya risasi hufika 58 hivi. Plagi zinaweza kufanana kabisa. Ukichomeka chaja ya risasi kwenye NMC unaisukuma zaidi ya uwezo wake, na nyumba nyingi duniani zimeungua kwa njia hiyo. Namba iliyoandikwa kwenye chaja upande wa kutoa lazima ilingane na betri. Ukikuta hailingani, ondoka.

Hatua ya 5: Magurudumu, breki, mota

Skuta za kusimama, zile za magurudumu madogo ya inchi 8 au 10, ziache kwa miji yenye lami laini. Shimo moja la barabara za mitaa ya Katuba baada ya mvua linatosha kukurusha. Baiskeli iwe na magurudumu ya inchi 24 au 26 na matairi mapana. Pikipiki iwe na springi mbele na nyuma.

Breki za diski mbele na nyuma. Hapa sijadili.

Mota ya wati 350 hadi 500 inamtosha mtu mmoja kwenye baiskeli. Ukibeba mtoto na mzigo, nenda 750. Mota iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu ni rahisi kutunza na haili mnyororo. Iliyo katikati, kwenye pedali, hupanda mlima vizuri zaidi lakini vipuri vyake ni shida kupata. Kwa Lubumbashi chukua ya kitovu.

Hatua ya 6: Jaribu kama utakavyotumia

Usilipe kabla ya kuendesha, na usiendeshe peke yako bila mzigo. Enda na mtu au gunia la unga la kilo 25.

«Papa, tuchaji mpaka ijae, halafu nizunguke nayo.»

«Mama, hii ni mpya, haina haja.»

«Kama ni mpya itajaribika vizuri. Naacha kitambulisho na nusu ya fedha hapa mezani.»

Muuzaji wa kweli atakubali. Kabla ya kutoka, pima voltaji kwa multimeta, kifaa ambacho fundi yeyote wa redio anacho. Betri nne za risasi za volti 12 zilizojaa na kupumzika husoma 51 hivi kwa jumla. Endesha kilomita 10, panda mahali penye mwinuko, na muulize mwenzako aangalie namba unapokaza. Seti hiyo ya risasi ikishuka chini ya 42 ukiwa unapanda, imechoka au ni ya zamani iliyopakwa rangi. Ukirudi, gusa mota, waya na kidhibiti (kisanduku kinachogawa umeme wa betri kwa mota): vuguvugu ni kawaida, lakini kama huwezi kuacha mkono juu yake, kuna kasoro. Funga breki kwa nguvu ukiwa kwenye kasi ya 25. Washa taa usiku, sio mchana dukani.

Kisha mpigie simu au mtembelee fundi atakayekutengenezea. Fundi wa baiskeli wa mtaani anaweza magurudumu, breki na mnyororo. Kwa kidhibiti na waya unahitaji anayejua umeme. Muulize muuzaji kama ana kidhibiti cha akiba, kishikio cha gesi na tairi za ndani za ukubwa ule. Kama hana hata kimoja, kitu kimoja kikiharibika chombo chako kitalala miezi.

Hatua ya 7: Fedha

Kanuni ni fupi. Andika unachotumia kwa mwezi sasa: petroli, au nauli, pamoja na matengenezo na kuegesha. Toa gharama ya umeme. Kinachobaki ndicho kinacholipa chombo.

Watu hukosea kwenye betri, kwa kutazama bei ya leo. Gawanya bei kwa idadi ya chaji. Chukua namba hizi kama mfano wa hesabu tu: seti ya risasi ya dola 120 inayoishi chaji 300 inakugharimu senti 40 kila chaji. LFP ya dola 350 inayoishi chaji 2,000 inakugharimu chini ya senti 18. Ile ya risasi, ukichaji kila siku ya kazi, utainunua tena kabla ya mwaka wa pili kuisha. LFP itavuka miaka 6. Weka bei za duka lako mahali pa namba zangu uone.

Anayechanga na wenzake kwenye likelemba anaweza kupanga zamu yake iangukie ununuzi huu, ni fedha isiyo na riba. Na aliye na gari si lazima aliuze. Liache nyumbani Jumatatu hadi Ijumaa, litoke kwa ajili ya harusi, misiba na mizigo.

Karatasi

Dai risiti yenye jina lako, namba ya chasi na namba ya mota. Kwa pikipiki, kabla ya kulipa, pita ofisi ya mapato ya mkoa na komuni yako uulize kuhusu namba, kodi na bima, na jibu liandikwe. Beba nakala ya risiti kila unapotoka. Polisi wa barabarani ambaye hajawahi kuona chombo kisicho na ekzosi atauliza maswali, na karatasi hujibu haraka kuliko mabishano.

Barabarani

Congo tunaendesha kulia, lakini magari mengi ya Lubumbashi yalifika kupitia Zambia na Tanzania yakiwa na usukani upande wa kulia. Hilo linambadilishia mambo mwenye magurudumu mawili, na sijaona likifundishwa popote.

Gari la namna hiyo likisimama ukingoni, dereva anafungua mlango wa kulia, upande wa mitaro na watu, mahali hasa ambapo baiskeli hupenda kujipenyeza. Usipite katikati ya gari lililosimama na mtaro. Kama lazima, pita kwa mwendo wa miguu. Pili, dereva huyo akiwa nyuma ya lori haoni mbele mpaka atoe gari lake karibu lote upande wa kushoto. Wewe unayetoka mbele utashtukia pua ya gari kwenye njia yako. Ukiona lori linakuja, sogea kulia mapema, kabla hujaona kitu. Tatu, ukimpita kwa kushoto kwake uko upande wake wa abiria, ambako haoni vizuri. Mpigie honi kidogo, subiri ageuze kichwa.

Barabara za malori ya migodi, ile ya Likasi na ile ya Kasumbalesa, zikwepe hata kama ni fupi. Njia ya ndani ya mitaa, ndefu kwa kilomita 2, ni bora.

Chombo cha umeme hakina sauti. Watoto na mama wanaouza pembeni ya barabara wamezoea kusikia pikipiki kabla ya kuiona. Kengele au honi iwe kwenye kidole wakati wote, na mwendo upungue karibu na soko na shule. Kofia ngumu kichwani, yenye mkanda uliofungwa. Taa iwake hata mchana wakati wa vumbi la kiangazi.

Mvua huanza karibu Novemba. Tafuta maandishi IP (kipimo cha kuzuia vumbi na maji) kwenye mota na kidhibiti: IPX4 inamudu matone, IP65 na kuendelea inamudu mvua ya kweli. Maji yakifika kitovu cha gurudumu, shuka usukume au geuza. Funika mahali waya zinapoungana kwa mpira wa tairi la ndani uliokatwa, ukiuacha wazi upande wa chini ili maji yasitulie ndani. Usioshe kwa pampu ya presha. Ukirudi umelowa, kausha plagi kwa kitambaa na uache saa moja kabla ya kuchaji. Kiangazi kinapokuja, vumbi jekundu likichanganyika na grisi linasaga mnyororo. Futa kila Jumamosi, tia mafuta mepesi kidogo.

Kuchaji bila hatari

Chaji mahali penye hewa, juu ya saruji au vigae, mbali na godoro, pazia na jiko la kupikia. Usichaji mlangoni, maana moto ukianzia hapo familia haitatoka. Usichaji ukiwa umelala. Ikiwa huna budi, kwa sababu umeme unakuja saa 5 usiku, weka kipima muda cha soketi na weka betri barazani penye kufuli. Soketi iliyolegea na kebo ya kuunganisha iliyokunjwa chini ya kapeti zibadilishe kwanza.

Betri iliyovimba, iliyoanguka kwa nguvu, inayotoa harufu tamu au inayochemka bila kufanya kazi, itoe nje ya nyumba siku hiyohiyo na usiichaji tena. Ikianza kutoa moshi, toa watu kwanza. Moshi wake ni sumu.

Kwa matumizi ya kila siku, lithiamu hupenda kukaa kati ya asilimia 20 na 80. LFP ijaze mara moja kwa wiki ili seli zake zilingane. Ukisafiri mwezi mzima, iache nusu, chumba kisicho na joto, imechomolewa. Ya risasi ni kinyume: iache imejaa.

Betri ya risasi iliyokufa irudishe kwa muuzaji au kwa mnunuzi wa chuma chakavu anayeichukua nzima. Isivunjwe uani, na risasi yake isiyeyushwe nyumbani kwa kazi yoyote, hasa kutengenezea sufuria. Risasi huingia mwilini mwa watoto na kuharibu akili zao. LFP iliyoshuka hadi asilimia 70 haijamaliza kazi: fundi wa sola anaweza kuiunganisha kwenye taa za nyumba na chaja ya simu, na kwa mzigo huo mdogo itahudumu miaka mingine kadhaa usiku wa delestaji.